Operesheni ya Shingo ya Bi. Hindu

Sokoni Nakasero kulikuwa na sauti mbili ulizozisikia kabla hujamwona mwenyewe: honi ya lori la jeshi, na Bi. Hindu akikataa bei. Ya kwanza iliwafanya watu wafunge vibanda. Ya pili iliwafanya wafungue mikoba. Mwanamke mwenyewe alikuwa mfupi, akikaa nyuma ya magunia yake ya vitunguu unaona ushungi tu, lakini koo alilopewa lingewatosha waadhini watatu. Akisema "Hapana", mwuza nyanya wa upande wa pili wa soko alipunguza bei yake mwenyewe bila kujua kwa nini.

Kibanda hakukirithi, wala hakupewa na mkubwa wa jeshi kama wengi walivyopewa maduka ya Wahindi. Alikipata kwa mdomo. Alianza na mafungu ya vitunguu saumu juu ya kipande cha gunia, mlangoni mwa kibanda cha mtu. Mwenye kibanda akachoka kubishana naye, akamwachia nusu. Akachoka tena, akamwachia nusu iliyobaki, akaenda kulima.

Jina lake lilikuwa la bibi yake mzaa baba, watu wa ukoo uliopanda kutoka pwani na misafara ya zamani, wakafika Kampala wakaona hakuna sababu ya kurudi. Jina jema la Kiislamu. Ila mwaka ule Wahindi walipofukuzwa nchini, kuna mtu alikwenda kambini kushtaki kwamba siku zimekwisha na Hindu bado anauza vitunguu Nakasero. Akatumwa Koplo Draku, mtu mnene mwenye bunduki na haya kidogo.

"Wapi Hindu?"

"Ni mimi."

"Wewe iko Muhindi?"

"Mimi ni Hindu."

"Basi funga vitu. Ndege nangoja."

"Ndege ya wapi?"

"Bombay."

"Na huko Bombay gunia la vitunguu linauzwaje?"

Koplo hakujua. Bi. Hindu akamwuliza anawezaje kumpeleka mfanyabiashara mahali asipojua bei yake. Wakaendelea hivyo mpaka jua likawapita juu ya vichwa. Mwishowe Koplo akaondoka na mfuko wa vitunguu na maumivu ya kichwa, akatoa ripoti kwamba yule Hindu ameshakwenda. Kwa hiyo, kwa serikali, Bi. Hindu yuko Bombay. Na kila Ijumaa Koplo Draku alipita kibandani kuchukua vitunguu vya mtu aliye Bombay.

Uvimbe ulianza wakati huohuo, chini ya taya, upande wa kulia. Ulikuwa kama harage. Hauumi, hauwashi, na kitu kisichouma mfanyabiashara hakipi nafasi. Ukawa kama pera changa. Ukawa kama yai. Bi. Hindu akashusha ushungi na kuendelea na kazi. Jambo moja tu lilimsumbua: akilalia upande ule, sikio lilisikia du, du, du, kama jirani anatwanga.

"Ni mshipa," alisema mumewe, Maalim Abubakar, aliyesomesha watoto Kurani kule Kibuli na aliyekuwa mtu wa taratibu. Kesho yake, alipoulizwa msikitini kwa nini uso umemshuka, akajibu kwamba mke wake ana mshipa. Wazee wakatazamana. Kwa watu wa asili ya pwani mshipa ni ule ugonjwa wa wanaume unaowafanya watembee miguu mbali mbali. Wiki nzima watu walikuwa wakija kumjulia hali Bi. Hindu huku wakitazama anavyotembea.

"Maalim," mkewe akamwambia, "ukitaja mshipa wangu tena, taja na mahali ulipo."

Mtu wa kwanza kuushika uvimbe alikuwa na chumba Kabalagala, nyuma ya baa. Miaka ile madaktari wengi walikuwa wamevuka mpaka, na waliokuwa wakifagia vyumba vyao wakajipandisha cheo. Huyu alikuwa na koti jeupe na kisu ndani ya bakuli la maji moto. Akabonyeza mara moja.

"Tezi hii, mama. Nakata kama jipu. Hata chai yako haijapoa umerudi kwako."

Akataka boksi la sabuni. Sabuni ilikuwa haionekani mjini, mtu akiwa nayo anailaza kitandani. Bi. Hindu akasema atatoa kipande kimoja na pilipili manga. Yule bwana akashuka hadi nusu boksi. Bi. Hindu akapanda hadi kipande kimoja na iliki badala ya pilipili manga. Maji ya kisu yakapoa, yakachemshwa, yakapoa tena. Ilipoadhiniwa magharibi yule bwana akafungua mlango, akamwomba aondoke, na akamwambia uvimbe wake hauna shida, shida ni yeye.

Laiti bwana yule angejua kupatana, habari hii ingeishia palepale kwenye kiti cha mbao.

Aliyeujua uvimbe kwa jina alikuwa Daktari Otema, mpasuaji wa hospitali kubwa ya kilimani, mtu mrefu wa kaskazini mwenye macho ya usingizi. Alibaki kazini si kwa ushujaa. Kila alipotaka kukimbia kulikuwa na mtu mezani tumbo wazi. Aliushika uvimbe kwa vidole viwili, akausukuma huku na huku. Ukaenda. Akausukuma juu, akauvuta chini. Ukakataa. Akarudia, na macho yake ya usingizi yakafunguka.

"Umewahi kuona fundo kwenye kamba ya kisima, ndoo ikiwa imejaa?" aliuliza. "Unaweza kulipeleka kushoto na kulia. Juu na chini haliendi, kwa sababu kamba imekazwa. Hili ni fundo. Kamba yake ni mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani."

Akaweka kifaa cha kusikilizia moyo juu ya uvimbe, akasikiliza.

"Unasema nini?" Bi. Hindu akauliza.

"Unavuma kama mtu anapuliza mdomo wa chupa. Unasema nisiuchome sindano."

Alipoelezwa kuhusu bwana wa Kabalagala, daktari alikaa chini. Akamwambia kwamba angekatwa kama jipu, damu ingegonga dari, na bwana yule asingepata hata nafasi ya kuweka kisu mezani.

"Ndiyo maana nasema siku zote," Bi. Hindu akajibu, "bei ya kwanza haikubaliwi."

Akapigwa picha. Kwanza walimtia dawa maalumu ndani ya mshipa, ili damu ionekane kwenye eksirei. Dawa yenyewe ilikuwa tone la mwisho, ikamwingia kama uji wa moto na kupanda hadi kwenye jicho. Picha ilipotoka, Daktari Otema akaiinua dirishani kama mtu anayekagua noti. Mshipa mkubwa wa shingo, alieleza, hugawanyika matawi mawili chini ya taya. Kwa watu wengine matawi hukaa karibu karibu. Ya Bi. Hindu yalikuwa yametanuliwa kama panda ya manati, na katikati pamekaa jiwe, limejaa vijimishipa vyembamba kama nywele.

"Uvimbe huu ni adimu sana. Tangu nianze kupasua watu nimeuona mara moja tu, nao ulikuwa kwenye kitabu."

Bi. Hindu alijikuta ameketi wima. Neno adimu yeye alilijua upande mmoja tu. Chumvi ilikuwa adimu, sukari ilikuwa adimu, na wenye navyo walikuwa wakijenga nyumba za ghorofa. Yeye miaka yote hii alikuwa amebeba kitu adimu kuliko vyote mjini na hakikuwa na mnunuzi.

"Nikiuacha?"

"Utakua. Nyuma ya mshipa huo kunapita neva ya sauti. Uvimbe utaikalia, na sauti itakwenda. Baadaye kumeza, baadaye mengine."

"Nikiutoa?"

"Nitaumenya polepole kutoka kwenye mshipa, kama mtu anayemenya yai bichi bila kutoboa ngozi ya ndani. Lakini neva iko hapohapo. Inawezekana sauti ikaenda pia."

Hapo Bi. Hindu ndipo alipoogopa. Kufa alikwisha kukufikiria, kila mtu Kampala alikwisha kukufikiria. Lakini kuishi bila sauti, akae nyuma ya magunia kama gunia lingine, watu wataje bei wanayotaka na waondoke nayo? Akavuta kiti karibu.

"Daktari, tuzungumze. Kata nusu."

"Nusu haikatwi. Unakata nusu, damu inatoka yote."

"Basi chukua uvimbe wote, bila malipo, niachie sauti."

"Nitajaribu."

"Sijasema ujaribu. Nasema nina gunia la chumvi ambalo hata mume wangu hajui lilipo."

"Bi. Hindu, si mimi ninayeweka bei. Mshipa ndio unaoweka. Nami pia ninauliza kama wewe."

Daktari alikuwa muuzaji wa kwanza maishani mwa Bi. Hindu kutaja bei moja na kubaki nayo, na chini ya hofu yake yote alimstahi.

Yakabaki mambo mawili. La kwanza, gesi ya usingizi: mtungi uliobaki ulitosha upasuaji mmoja mrefu, na daktari aliuweka kwa ajili yake Jumatatu asubuhi. Ikipita Jumatatu, wangeutumia kwa mwingine, na mtungi mpya hakuna aliyejua utatoka nchi gani. La pili, damu. Benki ya damu ilikuwa na friji, friji ilikuwa na taa, na ndani hakukuwa na kitu. Chupa sita, mgonjwa alete watu wake.

"Ila una bahati," alisema Sista Filda Acayo, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alipokwisha kumpima. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, na jina lake la Kiacholi, kabila ambalo jeshi lile lililiwinda, lilimfanya atembee kando ya kuta kila alipoona gwanda. "Damu yako inapokea ya kila mtu. Lakini kutoa, unawapa wa aina yako tu."

"Damu ya biashara," alisema Bi. Hindu.

Watu wake alikuwa ameanza kuwatafuta tangu daktari alipodokeza, na aliwatafuta kama anavyotafuta mzigo. Alikwenda kwanza kwa wachinjaji watatu wa soko, kwa sababu hao hawaogopi damu. Kisha mpagazi wa ndizi. Kisha Nalwoga, jirani yake mwuza maharage, aliyetaka kikombe cha chumvi. Bi. Hindu akampa nusu, akamkumbusha kwamba damu hurudi yenyewe, chumvi hairudi. Wa sita alikuwa Maalim, ambaye hakuulizwa. Wote aliwaambia jambo moja: anakwenda kupasuliwa, siku akiwaita waje.

Sasa neno hilo, kupasuliwa, ndilo alilolitumia kwa wote. Lakini Ijumaa, alipompangia ile siku ya Jumatatu, Daktari Otema alikuwa amesema "operesheni", na Bi. Hindu akalipenda. Lilikuwa neno lenye uzito. Kupasuliwa hupasuliwa hata kuni.

Jumamosi, soko limejaa, mke wa askari jela mmoja kutoka Luzira akamwambia kwamba atarudi Jumatatu kuchukua vitunguu vyake. Alikuwa amekwisha kufika kwenye vibanda vya samaki. Bi. Hindu akamjibu kutoka alipoketi, kwa ile sauti, huenda ya mwisho mwisho:

"Jumatatu usije, mama. Jumatatu kuna operesheni."

Soko zima likageuza shingo. Hata mizani ya mwuza samaki iliacha kuyumba.

Katika mji ule operesheni ilikuwa na maana moja tu. Ilikuwa lori kila lango la soko, askari wakipekua chini ya magunia, wakitafuta walioficha bidhaa na waliouza juu ya bei ya serikali, nao walikuwa ni soko zima. Na nani angejua siku yake kama si Bi. Hindu, ambaye Koplo Draku humtembelea kila Ijumaa?

Nalwoga alimsogelea, midomo mikavu, akimwita bibi kwa Kiganda. "Nyabo, hiyo opeleseni ya Jumatatu, ni ya kweli?"

"Ya kweli. Umesahau? Wewe mwenyewe umo."

"Mimi nimo?"

"Na wachinjaji wote watatu, na yule mpagazi. Majina yenu nimeshayapeleka kilimani."

Bi. Hindu alimaanisha kilima cha hospitali. Nalwoga alijua kilima kingine, chenye ofisi za usalama ambazo mtu akipita mbele yake hatazami madirisha.

"Sasa, sasa nyabo, tutafanywa nini huko?"

"Hamtafanywa kitu. Utalala, watachukua wanachotaka, halafu utapewa chai. Saa mbili asubuhi, usichelewe."

Nalwoga alirudi kwenye maharage yake akayatazama kama mtu anayeaga watoto. Kufikia alasiri nusu ya soko ilikuwa imepakiwa. Bi. Hindu aliona, akadhani ni watu wenye huruma wanaofunga mapema kwa ajili yake, akafarijika kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Habari haikuishia kwa wanyonge. Jumapili Koplo Draku alimsimamisha Maalim Abubakar barabarani, akamvuta pembeni.

"Maalim. Nasikia kesho kuna operesheni."

"Ipo, inshallah. Tuombee."

"Iko wapi?"

"Hospitali kubwa, kilimani."

"Nani naongoza?"

"Otema."

Koplo hakulala vizuri. Hakumjua mkubwa yeyote anayeitwa Otema, na jina lilikuwa la Kiacholi. Akafikiri: kama mpaka mwaka huu kuna Mwacholi bado anaongoza operesheni mjini, huyo lazima ni mkubwa kupita kiasi. Na koplo asiyeambiwa habari ya operesheni anajua kinachofuata: operesheni ni ya kumkamata yeye. Njia ni moja, kufika mapema na kuonekana.

Jumatatu asubuhi Bi. Hindu alikuwa amekaa kitini kwenye wodi, kwa sababu kitanda chake kilikuwa na Maalim. Maalim alikuwa ametoa chupa moja, akasema alhamdulillahi, akazimia. Wengine hakuna aliyetokea. Sista Filda alichungulia lango mara kadhaa. Mtu aliyetumwa sokoni alirudi na kusema hakuna soko. Kuna paka na mabua ya ndizi. Wachinjaji wamekimbilia vijijini kwao, Nalwoga hajulikani alipo.

Daktari Otema alikuja amevaa kofia yake ya kijani.

"Kwa chupa moja siwezi, Bi. Hindu. Nikiugusa mshipa ule na chupa moja, nitakuwa yule bwana wa Kabalagala."

"Tusubiri."

"Kuna mwanamke wa uzazi chini anayeuhitaji mtungi leo. Ikipita saa tatu asubuhi nampa yeye."

Bi. Hindu alijaribu kutafuta anachoweza kuongeza, akakuta kapu tupu. Na hapo viatu vikasikika kwenye korido, vingi, vizito, vikipiga sakafu kwa pamoja. Wagonjwa wenye uwezo wa kuingia chini ya vitanda wakaingia. Sista Filda akarudi ukutani. Daktari Otema akavua kofia, akaikunja, kama mtu aliyekwisha kuingojea siku hii na kuona imekuja siku mbaya ya kazi.

Mlango ukafunguliwa. Koplo Draku na vijana saba, bunduki begani, viatu vimepakwa mafuta.

"Nani ni Otema?"

"Ni mimi," alisema daktari.

Koplo akapiga saluti. Vijana saba wakapiga saluti. Daktari, kwa kukosa la kufanya, akaitikia kwa kichwa.

"Bwana mkubwa, sisi nakuja kwa operesheni. Vijana yangu iko tayari."

Chumba kizima hakikuelewa. Bi. Hindu alielewa. Aliona soko tupu, aliona uso wa Nalwoga, akalisikia neno lake mwenyewe likirudi likiwa na viatu. Mtu mwingine angecheka au angelia. Yeye aliona mzigo umefika mlangoni na mwenye mzigo hajui bei.

"Umechelewa, Koplo," alisema. "Operesheni ilikuwa ianze."

"Lori nakosa petroli njiani."

"Haya. Mkubwa hana muda. Bunduki ziwekwe pale kwenye kona, mashati mikono juu, kila mtu kitandani kwake."

"Kitandani?"

"Kwani hukuambiwa hii ni operesheni gani?"

Hilo ndilo swali ambalo Koplo hangeweza kulijibu mbele ya vijana wake. "Naambiwa," alisema. "Naambiwa vizuri."

"Basi unajua kwamba mnatoa damu."

Vijana saba wakamtazama koplo wao. Kulikuwa na mmoja, jitu lenye mabega mapana kama mlango, ambaye macho yake yalikuwa yameganda kwenye sindano mkononi mwa Sista Filda.

"Damu ya nani?" jitu likauliza.

"Operesheni bila damu umeiona wapi?" akasema Bi. Hindu.

Koplo Draku alilala wa kwanza, kwa sababu hakukuwa na namna. Sista Filda, macho chini, alimfunga mpira juu ya kiwiko. Alipoona jinsi mtu mwenye bunduki anavyofumba macho kama mtoto anayepewa dawa chungu, akainua kichwa. Wa tatu alipofika alikuwa anawaambia wakunje ngumi, na wanakunja. Jitu lilianguka kabla ya kuguswa, likatolewa damu likiwa chini.

Chupa ya Koplo ilipofika katikati, alimgeukia Bi. Hindu aliyekaa kando yake na kushusha sauti.

"Mama. Hii operesheni ni ya nini?"

"Ya shingo."

"Shingo ya nani?"

Bi. Hindu akafunua ushungi. Koplo akautazama uvimbe, akautazama mpira uliojaa damu yake, akatazama dari kwa muda.

"Vijana isijue," alisema.

"Hawatajua. Nawe soko hutaligusa mpaka mwaka mpya."

"Mpaka mwezi ujao."

"Mwaka mpya, na vitunguu vya Ijumaa vinaendelea."

"Basi," alisema Koplo. Akanywa chai yake, akaomba sukari, akaambiwa hakuna.

Upasuaji ulikwenda mpaka adhuhuri ikapita. Daktari Otema aliumenya uvimbe kutoka kwenye panda ya manati, uzi kwa uzi. Mara mbili mshipa ulimtobokea, mara mbili Sista Filda aliubana kwa kidole huku daktari akishona. Chupa ya Maalim iliisha kwanza. Za jeshi zikafuata, na wanasema ile ya jitu ndiyo iliyomvusha.

Alipozinduka jioni, daktari alikuwa ameinama juu yake.

"Sema kitu."

Bi. Hindu alikusanya pumzi zote alizokuwa nazo akataka kusema jina lake. Kilichotoka kilikuwa kama kisu kinachokwaruza sufuria: pumzi, mkwaruzo, basi. Alijaribu tena. Hivyohivyo.

"Neva sikuikata," alisema Daktari Otema. "Imevutwa na imechoka. Inaweza kurudi baada ya miezi. Inaweza isirudi. Nilikuambia, si mimi ninayeweka bei."

Hakulia. Alimwashiria amwonyeshe uvimbe, akaletewa ndani ya chupa, akaupima kwa mkono. Haukufika hata robo kilo. Akaurudisha kwa uso wa mtu aliyepunjwa.

Alirudi kibandani na shingo iliyofungwa kitambaa, akijua kwamba biashara imekwisha. Soko lilikuwa limerudi, likimtazama kwa pembe ya jicho. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume wa mikahawa, mbishi wa miaka mingi, aliyezoea kurushiana naye maneno mpaka watu wajae. Akataja bei yake. Bi. Hindu akafungua mdomo, akanong'ona:

"Hapana."

Yule bwana aliinama asikie. Kisha akasimama wima taratibu, akatazama nyuma yake, kushoto, kulia. Akatoa bei kamili, na hakungoja kufungiwa mzigo.

Bi. Hindu alibaki ameshika kamba. Ilimchukua wateja wawili zaidi kuelewa. Katika mji ule wanaopiga kelele walikuwa wauza vitunguu. Wanaonong'ona walikuwa watu wengine kabisa, wenye miwani myeusi na gari lisilo na namba. Zaidi ya hayo, habari za Jumatatu zilikuwa zimefika sokoni kwa njia zake: Bi. Hindu aliingia hospitali, wanajeshi wakaletwa kwa lori, wakalazwa mmoja mmoja na kutolewa damu, na damu yote akawekewa yeye. Na kweli operesheni haikuja sokoni mwezi ule, wala uliofuata. Nalwoga alirudi kutoka kijijini na kikombe cha chumvi, kimejaa.

"Nusu yako, nyabo, na nusu yangu," alisema. "Sitaki neno."

Hata wenye malori ya jumla, waliokuwa wakimwona ni kelele tu, sasa walivua kofia. Biashara aliyoijenga kwa koo ilikua maradufu kwa pumzi.

Sauti ilirudi baada ya mvua ndefu, nyumbani, asubuhi moja paka alipochukua samaki jikoni. Ilitoka yote kwa mkupuo, bati likatetemeka. Bi. Hindu alijiziba mdomo kwa ushungi. Maalim Abubakar alitokea mlangoni, uso umeanguka. Miezi ile yote alikuwa akisoma vitabu vyake kwa utulivu ambao hakuwahi kuujua katika ndoa.

"Umesikia kitu?" mkewe akamnong'oneza.

Maalim alifikiri. "Sikusikia," alisema, kwa matumaini.

Na Bi. Hindu akaendelea kunong'ona, sokoni na nyumbani, mwaka ule na iliyofuata. Daktari Otema hakuwahi kuijua sauti yake ya baadaye, kwani alipata siku moja isiyo na mtu mezani, akavuka mpaka. Koplo Draku naye alikoma kuja, vitunguu vyake vya Ijumaa vikiwa vimefungwa tayari.

Siku serikali ile ilipoanguka, watu walipokuwa barabarani wakishangilia na wengine wakibeba viti vya ofisi, Bi. Hindu alifungua kibanda kama kawaida. Alitazama huku na huku. Akavuta pumzi, akataja bei ya vitunguu, na mwuza nyanya wa upande wa pili akapunguza bei yake bila kujua kwa nini.

Nalwoga aliangusha ungo. "Wewe. Sauti ilirudi lini?"

"Zamani."

"Zamani, na ulikuwa unatunong'oneza? Maharage yangu yote yale niliyokuuzia kwa kuogopa?" Alishika kiuno. "Basi leo serikali hakuna, jeshi hakuna. Leo utanipunguzia vitunguu."

Bi. Hindu alimwita kwa kidole. Nalwoga akainama. Bi. Hindu akasogeza mdomo karibu kabisa na sikio lake, akanong'ona:

"Hapana."

Na Nalwoga, kabla hajakumbuka, alikuwa amekwisha kufungua mkoba.